Mstari Nilioruka Tangini

Msumari uliokaa ndani ya bati kwa miaka mingi hautoki kimya. Kwanza unagoma. Halafu unatoa sauti nyembamba, ndefu, kama ya mwana-mbuzi aliyefungiwa mbali na mamake. Bati zima linatetemeka, na msumari unaanguka sakafuni: ting. Sauti hiyo niliisikia kutwa nzima siku walipoezua paa la stesheni ya Tangini, mimi nikiwa nimekaa juu ya sanduku langu la chuma chini ya tangi la maji, nikingoja usafiri wa kunipeleka Voi. Leo masikio yangu yamechoka, wajukuu hunipazia sauti ndipo niwasikie, lakini jirani akianza kubadilisha mabati yake huwa naingia ndani na kufunga mlango. Wajukuu husema nyanya haogopi ndovu, anaogopa vumbi. Nimewaacha waamini hivyo.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mgeni. Mwezi uliopita Akinyi, binti ya aliyekuwa bwana stesheni wetu, alishuka kwenye treni mpya hapa Voi. Alikuwa ametoka kumzika mama yake huko kwao Kisumu. Alinitafuta kwa kuuliza uliza mpaka akanipata, akaketi kwenye kiti changu cha plastiki, akanywa chai vikombe vitatu, kisha akanikabidhi bahasha ya kaki iliyochakaa pembe. Bahasha ile niliitambua kabla hajaitoa yote mkobani. Nilikuwa nimeishika mara moja tu maishani, nikiwa na miaka kumi na saba, na tangu siku hiyo sijaacha kuiota.

Ukipita leo barabara ya Taveta, ukishaiacha Mraru nyuma yako, huwezi kujua kwamba hapo palikuwa na stesheni. Ubao wake ulikuwa na jina lingine, jina la wakubwa, lakini watu wote tulipaita Tangini kwa sababu ya tangi la chuma lililosimama kwa miguu minne kando ya reli, likivuja tone moja moja mwaka mzima hata wakati wa ukame. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe. Mzee Mwang'ombe, nyapara wa gengi, kikosi cha kukarabati reli, Mtaita kama mimi, hakuchoka kutueleza kwamba mawe yale yalichongwa na baba yake, zamani Waingereza na Wajerumani walipokuwa wakigombania Taveta na reli ikajengwa mbio mbio kupeleka askari na maji. Alikuwa akilipiga kofi jiwe moja la pembeni, lenye alama za patasi kama nyayo za kuku. "Hili lilimtoa baba kidole. Kwa hivyo mjue, stesheni hii ina kidole cha kwetu ndani." Askari walipoondoka wakaja watu wa mkonge, wakaja akina mama wa Njukini na Taveta na mikungu ya ndizi na magunia ya maharagwe, wakajaa mpaka wengine wakalala kwenye benchi kungoja gari la moshi. Lakini kufikia mwaka wangu, katikati ya miaka ya sabini, lilikuwa limebaki gari moja la mchanganyiko, mabehewa ya mizigo mbele na mawili ya abiria nyuma, likipanda leo na kushuka kesho. Watu walikuwa wameanza kulipenda basi.

Nilivyofika pale si kitu cha kueleza. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sekondari haikuwezekana, na Mama Akinyi, mke wa bwana stesheni, alihitaji msichana wa kumsaidia kuuza chai na mandazi kwa abiria. Nilipewa kitanda cha Akinyi, kwa maana yeye alikuwa kwa nyanya yake Kisumu akisoma, na dirisha la chumba kile lilitazama reli moja kwa moja. We acha tu! Kila asubuhi nilijipangia maisha kwenye dirisha lile. Nitakuwa karani Voi. Nitavaa viatu vya kisigino, nitakaa nyuma ya taipureta, watu watabisha hodi na kusema, samahani, Miss Mkawasi. Mama Akinyi alinifumania mara nyingi nikizungumza na pazia.

"Leo umeajiri nani?"

"Leo nimefukuza wawili, Mama."

"Basi njoo ufukuze na hawa inzi kwenye unga wangu."

Chakula cha mchana tulikula kwenye baraza ya nyuma, nje ya jikoni, mahali ambapo harufu ya mafuta ya taa za stesheni ilikutana na ya omena, wale dagaa wa ziwani. Omena walikuja kwa gunia kutoka Kisumu, wakibadilishwa gari Nairobi na Voi, na siku gunia lilipofika hata paka wa mbali walikuwa na habari. Mwang'ombe alikuja na kimanga chake ndani ya sufuria, mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, akakaa kwenye ngazi huku akijifanya hataki cha mtu. Bwana stesheni, ambaye mimi nilimwita Baba Akinyi na wengine wote walimwita Masta, alikuwa mtu mrefu wa maneno machache, ila kwa Mwang'ombe maneno yalipatikana.

"Nyinyi watu wa milimani mnaponda kila kitu," alimwambia. "Mngepewa reli, mngeiponda."

"Afadhali sisi, Masta. Chakula chako wewe kina macho mia mbili, yote yananiangalia mimi."

"Yanauliza kwa nini huli."

Na Mwang'ombe alikula. Nakumbuka mikono yao ikikutana kwenye sahani moja, mmoja akichovya kimanga kwenye mchuzi wa omena, mwingine akikataa katakata kuonja kimanga halafu akionja. Baba Akinyi alibakisha miezi michache tu astaafu, mwisho wa mwaka, na mazungumzo yao mengi yalikuwa juu ya siku hiyo. Kwenye reli kulikuwa na desturi: masta akistaafu na kuondoka kwa heshima, dereva wa gari linalomchukua hupiga honi moja ndefu, bila kuachia, kutoka mwisho wa jukwaa mpaka kwenye kona. Wenzake wote wa zamani walikuwa wamepigiwa. "Mimi nataka tu ile honi," Baba Akinyi alisema. "Hayo mengine wakae nayo." Mwang'ombe akamwahidi kwamba ataongea na dereva mwenyewe, honi ifike mpaka Mwatate.

Sasa nije kwa siri yetu. Ofisini palikuwa na simu ya sanduku la mbao, ya kuzungushwa kwa mkono, na kitabu cha karatasi za ruhusa. Reli yetu ilikuwa moja tu, na hakuna gari lililoruhusiwa kuondoka mpaka masta azungumze na stesheni ya mbele, wakubaliane kwamba njia iko wazi, kisha dereva apewe karatasi. Kila karatasi ilikuwa na namba yake, ndogo, nyekundu, iliyochapwa pembeni, na namba hiyo ilibidi isomwe kwenye simu mara mbili. Mara mbili, hiyo ndiyo ilikuwa kanuni. Mara ya kwanza mwenzako anaandika, mara ya pili anahakikisha. Siku moja mwezi wa Februari niliingia na chai nikamkuta Baba Akinyi ameinua karatasi dirishani, ameikaribisha usoni kana kwamba anainusa.

"Mkawasi. Hii ni tatu ama nane?"

"Nane, Baba."

"Na inayofuata?"

Nikasoma namba yote. Akairudia kwenye simu kwa sauti yake nzito, halafu akanigeukia, nami nikasoma mara ya pili. Alipoweka simu alinitazama, au alitazama mahali nilipokuwa, na hapo ndipo nilipoona lile wingu ndani ya jicho lake, jeupe kama maziwa yaliyomwagwa kwenye maji. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. "Nyathina," akasema, ambalo kwa kwao ni mtoto wangu, "ni mpaka mwisho wa mwaka tu. Ya humu ndani yabaki humu ndani." Niliapa. Tangu siku hiyo kila gari lilipokaribia nilikuwa naingia na kikombe cha chai, hata kama hakukuwa na chai ndani ya kikombe, nikasimama nyuma ya bega lake na kusoma. Sikuona ubaya wowote. Naona aibu kusema kwamba nilifurahi. Nilikuwa karani, basi. Nilibakisha viatu tu.

Mwezi wa Mei alikuja Mkaguzi wa reli. Alikuja kwa trole ya injini, kigari kidogo cha relini, kutoka Voi, bwana mnene mwenye soksi ndefu, na kama ilivyokuwa kawaida, mkaguzi akija anachinjiwa. Mama Akinyi alichinja jogoo aliyempenda. Baada ya kula, Baba Akinyi na Mwang'ombe walishuka kwenye reli kuangalia mahali pa magari kupishana, Mama Akinyi akawa jikoni, na Mkaguzi akabaki barazani akingoja maji ya kunawa. Mimi ndiye niliyeyaleta, na birika na beseni.

"Kuku huyu umempika wewe?"

"Ni Mama, bwana. Mimi nilimkimbiza tu."

Akacheka. Akaniuliza nimesoma mpaka wapi, nikamwambia darasa la saba, na kwa Kiingereza nilikuwa wa pili. Akatoa karatasi mfukoni kwa mkono uliokuwa mkavu, akasema hebu tuone. Niliisoma toka juu hadi chini bila kukwama, kwa lafudhi ile ambayo mwalimu wetu alitufundisha kwa fimbo. Akatikisa kichwa. "Wewe ni wa ofisini, si wa jikoni," alisema.

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia maneno hayo ila pazia. Nilihisi miguu yangu ikiingia kwenye viatu vyangu vya kisigino. Na ndipo nikasema, nikiwa nacheka, nikiwa namwagia maji: "Hata sasa nafanya ya ofisini, bwana! Namba za karatasi ni mimi ninayezisoma. Baba Akinyi hazioni zile ndogo. Bila mimi gari haliondoki."

Mkaguzi hakucheka tena. Aliendelea kunawa mikono ambayo haikuwa na sabuni.

"Kila siku?"

"Kila gari, bwana."

"Tangu lini?"

Hapo nilikuwa bado na nafasi. Mara nyingi nimerudi kwenye baraza ile nikajaribu kujiziba mdomo kwenye swali hilo. Lakini nilidhani ananiuliza uzoefu wangu wa kazi. "Tangu Februari," nikasema, na nilitamani ingekuwa zamani zaidi.

Baba Akinyi aliporudi, Mkaguzi alimwita ofisini, akafungua kile kitabu cha karatasi, akamwambia kwa upole sana, "Masta, hebu nisomee namba hii." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Baba Akinyi alikishika kitabu, akakigeuza kidogo kwenye mwanga, kisha akasema miwani yake iko chumbani. Akaita, bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayejua ataitikiwa: "Mkawasi! Niletee miwani." Hakuwahi kuwa na miwani. Niliingia chumbani kwao nikasimama mbele ya kabati, nikafungua droo yake, nikaangalia vifungo, uzi, kitana, picha ya Akinyi. Nilisimama tu. Kutoka ofisini nikamsikia Mkaguzi akisema, "Basi, Masta. Acha."

Juma lililofuata ndipo ugomvi wa maji ulipotokea. Ukame ulikuwa umezidi, tangi limebaki robo, na Baba Akinyi akafunga bomba kwa kufuli ili maji yabaki ya injini. Watu wa gengi wakakosa ya kunywa. Mwang'ombe alisimama kwenye jukwaa, mbele ya abiria na mikungu yao, akapaza sauti. "Masta, hawa ni watu, si ng'ombe! Ukiwafungia maji, hii maneno itafika Voi, nakuapia!" Baba Akinyi akamwambia aende aifikishe. Kwa siku tatu hakuna aliyekuja na kimanga. Siku ya nne kufuli lilikuwa limefunguliwa, na Mwang'ombe alikuwa kwenye ngazi na sufuria yake, wote wawili wakijifanya hakukuwa na lolote.

Kisha barua ikaja, kwenye mfuko wa gadi wa gari, ndani ya bahasha ya kaki. Gari lilipoondoka Baba Akinyi akaketi kwenye kiti chake cha ofisini, akaweka kofia mezani, akanipa. Mama Akinyi alikuwa amesimama akikausha mikono kwenye leso. "Soma," akasema Masta. Ilikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo yeye aliijua kuliko mimi, na kulikuwa na maneno niliyoyasoma bila kuyaelewa. Lakini nilielewa ya kutosha. Ilisema kwamba kutokana na hali ya macho yake hawezi tena kuruhusu magari, na kwamba ataacha kazi mwisho wa mwezi ule. Nikafika mstari wa saba. Mstari wa saba ulisema kwamba jambo hili lilithibitishwa na msichana anayefanya kazi nyumbani kwako, ambaye alimweleza Mkaguzi kwamba yeye ndiye anayekusomea namba.

Nikauruka. Macho yangu yalishuka mpaka wa nane kama mtu anayeruka dimbwi, sauti yangu ikaendelea: hakuna masta mwingine atakayetumwa, stesheni itafungwa.

Tukasikia tone la tangi.

"Hawasemi nani aliwaambia?" akauliza Baba Akinyi.

"Hawasemi."

"Soma mara ya pili."

Nikasoma mara ya pili, kama kanuni ilivyotaka. Na mara ya pili niliruka vizuri zaidi kuliko ya kwanza. Sikuvuta pumzi hata pale. Yule mtu alikuwa amenipa macho yake niyashike, nami nikayatumia kumficha ukweli.

"Ni Mwang'ombe," akasema Mama Akinyi. "Ni yule mtu wa maji. Si alisema itafika Voi? Si alisema mbele ya watu?"

"Mwang'ombe hawezi."

"Hawezi? Anakula kwako kila siku, anakuangalia unavyopapasa sahani, unasema hawezi?"

Baba Akinyi akachukua kofia yake mezani, akatoka nje. Lakini siku iliyofuata, Mwang'ombe alipofika na sufuria, Mama Akinyi alitoka jikoni akamwambia arudi na kimanga chake, mbwa wa Tangini wameshiba. Mwang'ombe alidhani ni utani, akacheka. Akamtazama Masta. Masta alikuwa amegeuza uso kwenye ukuta. Nami nilikuwepo, nimebeba sahani nne. Ningeziweka chini na kusema. Badala yake niliirudisha moja kabatini.

Waliondoka siku ya mwisho ya mwezi, adhuhuri, na vitu vyao vyote kwenye behewa la mizigo: kitanda, mbuzi mbili za nazi ambazo Mama Akinyi alikuwa amejifunza kuzitumia kwetu, gunia tupu la omena. Mama Akinyi alinikumbatia mpaka kilemba changu kikaanguka. "Wewe tu ndiye mtu hapa," aliniambia sikioni. "Wewe tu." Baba Akinyi alinipa mkono kama mtu mzima mwenzake. Ile bahasha ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake, pembe yake ikichungulia. Gari likaanza kusogea. Na lilipofika mwisho wa jukwaa dereva akashika honi, akaishikilia, haikuachiwa, ikapita tangi, ikapita kichaka, ikafika kwenye kona na kuzunguka nayo. Nikageuka. Mwang'ombe alikuwa amesimama peke yake kando ya reli, kofia mkononi. Alikuwa ameongea na dereva kama alivyoahidi, ingawa Masta hakuondoka kwa kustaafu na hakuwa na haki ya honi. Lakini nilikuwa nimemsikia Mama Akinyi kupitia dirisha la behewa, gari likiwa bado karibu, akipiga kelele na kulia: "Wanatucheka! Yule shetani amewaambia watucheke!"

Nilibaki Tangini miezi mingine kadhaa, kwa kuwa nyumba ilihitaji mtu wa kuilinda na mimi sikuwa na pa kwenda. Gari lilikuwa likipita bila kusimama, na abiria waliotoa vichwa kutafuta mandazi waliniona mimi tu na ufagio. Mwisho wa mwaka gengi ikapewa amri ya kubomoa: mabati na mbao zilitakiwa mahali pengine. Aliyepanda juu ya paa na mtarimbo ni Mwang'ombe. Vijana walitaka kumsaidia, akakataa. Alisema mkono wake unajua mahali misumari ilipo. Msumari mmoja mmoja, kutwa nzima, ukilia. Kuta zilipoangushwa watu wakaja kuchukua mawe, wakajengea vyoo, wakajengea zizi, kanisa nalo likachukua ya ngazi. Mwang'ombe hakuchukua hata moja. Alilibingirisha lile jiwe la kidole mpaka chini ya tangi, akaliacha hapo, akaniambia nipande lori lao, watanishusha Voi.

Nilipata kazi Voi, ya kufagia ofisi, na baadaye ya kupika kwenye shule. Taipureta nilizipangusa vumbi. Mwang'ombe nilimwona sokoni miaka mingi, akizeeka, na kila tulipokutana alinisalimu vile vile: "Binti, bado unasoma?" Nilimjibu bado, Mzee. Mara nyingi nilifungua mdomo. Siku alipozikwa walimtaka yeyote aliyefanya kazi naye atoe neno. Nilisimama, nikasema alikuwa mtu mwenye utani, watu wakapiga makofi, nikaketi. Watu wenye busara huniambia, ninapozungusha habari hii bila kutaja majina, kwamba stesheni ile ingefungwa tu, kwamba mabasi yalikuwa yameshaiua, na kwamba mzee asiyeona hakustahili kuruhusu magari. Ni kweli, na huenda kuna mtu yuko hai kwa sababu yangu. Lakini sikusema kwa ajili ya mtu huyo. Nilisema ili nisifiwe, na kimya changu baadaye hakikumwokoa mtu yeyote ila mimi.

Haya yote nilimwambia Akinyi, kwenye kile kiti cha plastiki. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, akakoroga chai isiyokuwa na sukari.

"Shangazi," akaniambia, "mimi najua. Barua hii nilimsomea baba mimi mwenyewe, mwaka uliofuata. Alikuwa haoni kabisa. Alitaka asikie Kiingereza changu."

"Ukasoma yote?"

"Yote. Nilipofika mstari wa saba akasema, rudia. Nikarudia. Halafu akacheka kidogo, akasema, kumbe aliruka bila kukwama, yule mtoto kweli angekuwa karani."

Sikuweza kumtazama.

"Akanikataza kumwambia mama," Akinyi akaendelea. "Mama alikuwa anakutaja kila akikanda unga. Baba akasema, nyumba ameipoteza, asimpoteze na Mkawasi."

"Na Mwang'ombe?"

"Baba aliniambia nimwandikie, nimwombe msamaha kwa niaba yake. Niliandika. Jibu halikuja, sijui kama barua ilifika." Akaweka kikombe chini. "Lakini mama, Shangazi, nisikudanganye. Mama alimlaani yule mzee mpaka juma alilokufa yeye mwenyewe."

Akinyi alipoondoka nilikaa na bahasha siku nne. Ya tano nilipanda gari mpaka pale nilipodhani ni penyewe, nikamwambia dereva anishushe, akaniuliza hapa porini unaenda kwa nani. Nilitembea. Tangi halipo, liliuzwa kama chuma. Kuna ukingo wa jukwaa uliomezwa na nyasi, reli ile ya zamani imejifunika miiba, na chini ya mahali tangi liliposimama nililikuta jiwe la pembeni, nusu ardhini, na nyayo zake za kuku. Nililifuta vumbi kwa leso. Kisha nikapiga hatua kutoka pale mpaka mahali ambapo ofisi ilikuwa, nikasimama kama nilivyokuwa nikisimama, nyuma kidogo ya bega, nikatoa barua, nikavaa miwani yangu. Niliisoma kwa sauti toka juu, kwa lafudhi ya mwalimu, na nilipofika mstari wa saba nikausoma wote. Halafu nikageukia upande wa lile jiwe, nikausoma mara ya pili.